Hereni Zilizokwisha Kuvaliwa

Niliporudi Shinyanga na stashahada yangu na kutangaza kwamba nitauza vito vya mitumba, watu walinicheka waziwazi. Mjomba wangu, mnunuzi wa dhahabu kule kwenye machimbo ya Rwamgasa, alinikopesha sehemu ya mtaji huku akitikisa kichwa.

"Mpwa wangu, dhahabu inachimbwa hapahapa. Nani atavaa iliyotoka masikioni mwa mwenzake? Humalizi mwaka!"

Nilimjibu kwamba dhahabu yetu inaondoka yote, wanawake wetu wanabaki na shaba. Hereni iliyolala kabatini haihitaji shimo jipya wala zebaki, na bei yake mwalimu anaimudu.

Kilichonikwamisha ni hofu ya wateja kwamba vito vilivyovaliwa vina nuksi. Pale Tinde bibi harusi alizipenda hereni zangu, mama yake akazirudisha mezani. "Zilikuwa za nani? Isije ikawa aliachika nazo."

Nikafanya jambo ambalo masonara wenye maduka ya vioo hawakulifikiria. Nilimleta mwenyewe aliyeniuzia, bibi wa Ibadakuli aliyedumu na mumewe hadi wajukuu. Akamvisha binti kwa mkono wake. "Zivae, mjukuu wangu. Mimi zimenipa heri."

"Wabeja, mama," mama mtu alishukuru, akalipa palepale.

Tangu hapo kila anayeniuzia humvisha mnunuzi, na maharusi hadi wa Geita wananifuata mimi.

Wote walionikopesha niliwalipa siku moja, mjomba akiwa wa mwisho. Mkewe alitoka ndani amevaa mkufu alioununua kwangu.

"Mpwa wangu," mjomba akaniambia kabla hajamaliza kuhesabu fedha, "bangili za kufanana na huo huna?"