Gurudumu la Mjomba Bustanul

Mjomba wangu Bustanul ndiye aliyewasha taa ya kwanza ya umeme kijijini kwetu, huku milimani Sumatra. Alifunga dinamo ya lori bovu kwenye gurudumu la maji, lile lile la kutwangia mpunga, akavuta nyaya juu ya nguzo za mianzi. Watu walimcheka mpaka balbu ilipowaka. Hapo wakaacha kucheka, wakaanza kuomba.

Alikosea jambo moja. Waya wa kwanza aliupeleka kwa mkewe, Jawanis. Kwetu nyumba ni ya wanawake. Mume analala tu pale, kwao ni kwa mama yake. Bibi, mama yake mjomba, alipoona madirisha ya wakwe yanang'aa, akasema, "Kaanzia kwa watu. Kwangu asilete kabisa." Hakuleta. Tukabaki na koroboi zetu, pua nyeusi kama masufuria.

Jawanis akafa. Matanga yalipokwisha, mjomba alichukua mto wake na bisibisi zake, akatoka, kama afanyavyo kila mume aliyefiwa. Binti yake alimlilia abaki.

"Mumeo atanionaje?" akamjibu.

Kwa mama yake aliona aibu kuja. Akahamia kibanda cha gurudumu, akawa anaongea na dinamo.

Bibi hakumwita. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wangu, na wangu mnaujua. Naye alipofariki, nyumba ikawa yangu. Nikashuka mtoni.

"Mjomba, twende nyumbani."

"Kwenu hakuna taa, Asnimar."

"Si ulete! Au unataka tuje kukuposa na ngoma?"

Akacheka kidogo. "Mama alikataza."

"Mama hayupo. Mwenye nyumba ni mimi."

Alikuja na waya begani. Alifanya kazi kutwa, balbu akaitundika juu ya pale alipokuwa akikaa bibi. Ikawaka. Nilikuwa nimeshamtandikia mkeka sebuleni. Akautazama, akatazama vyumba, kila kimoja na binti yangu na mumewe.

"Sasa maji atayalinda nani?" akasema, akaokota bisibisi zake.

Akaishi kule kule. Majani yalipoziba mfereji wa gurudumu, taa ilififia. Ikirudi kung'aa, tulijua kaingia majini kuyatoa.

"Babu yuko macho," binti zangu walisema.

Jioni moja ikafifia. Tukakaa, tukaitazama, tukangoja.