Nafasi Kumi Kati ya Sita na Nane

Bibi Futi, fundi cherehani aliyeitwa hivyo kwa kuwa utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, alikuwa akimlea mjukuu wake tangu binti yake aende kufanya kazi mbali. Asubuhi moja kliniki, muuguzi mgeni alimpima mtoto, akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ukaporomoka hadi chini ya ule mwekundu wa hatari.

"Bibi, mtoto anakonda. Maziwa anakunywa yeye, au mnakunywa wakubwa?"

Benchi zima liligeuka. Muuguzi akamwandikia barua ya kwenda ustawi wa jamii, wakaamue kama mtoto abaki kwake.

Alirudi nyumbani damu ikimchemka. Mtoto mwenyewe alimlemea mgongoni, na gauni alilomshonea juzijuzi lilikuwa limembana makwapani. Akaitandaza kadi juu ya cherehani. Uzito ulioandikwa ulikuwa kilo saba na nusu. Ubavuni mwa kadi, kati ya sita na nane, kulikuwa na nafasi kumi, yaani kila moja gramu mia mbili. Muuguzi alikuwa amepanda mistari mitatu tu juu ya sita, ambako ni kilo sita na gramu mia sita. Akaitoa kadi ya kwanza, iliyochakaa ikabadilishwa: kati ya sita na nane, nafasi nne, nusu kilo kila moja. Kumbe muuguzi alisoma kadi mpya kwa mazoea ya kadi ya zamani!

Bibi Futi mwenyewe aliwahi kusoma inchi upande wa sentimita, suruali ikamfaa mtoto wa mteja. Lakini alilipa kitambaa, wala hakumtukana mwenye miguu.

Kesho yake alizipeleka kadi zote mbili kliniki; daktari mkuu aliweka rula, nukta ikapanda juu kuliko ya mwezi uliopita. Akaichana barua. Muuguzi akasema ni kosa dogo tu la kuhesabu mistari.

"Dogo kwako, mwanangu. Mimi nimeitwa mwizi wa maziwa mbele za watu."

Akatoka nje, akawaomba akina mama kwenye benchi watoe kadi zao. Nne zilikuwa na kosa lilelile. Mama mmoja, aliyeambiwa wiki mbili nyuma kwamba mwanawe anadhoofu, alikuwa ameshamwachisha kunyonya, akidhani maziwa yake hayafai. Sasa yalikuwa yamekauka.

Bibi Futi alimgeukia muuguzi mlangoni. Akamwekea mkononi zile kadi nne, ya mama yule ikiwa juu.