Saa Mbili za Machungwa

Shule niliiacha darasa la tano, lakini hakuna swali lililowahi kunikosesha jibu. Jibu ndilo lililoniumbua wiki iliyopita.

Nimepanga chumba Pongwe kwa Bi Riziki, na binti yake ndiye ninayemposa. Sharti la mama ni moja: mume awe na kazi. Nilimwambia nipo kiwanda cha kamba mjini. Kila asubuhi natoka nimechomekea shati, kisha nageuza njia na kwenda kuzurura Muheza.

Jumamosi akaja kijana wa serikali mwenye makaratasi, anahesabu wenye kazi na wasio nayo. Tukaketi barazani, Bi Riziki akikuna nazi kando yetu.

"Siku saba zilizopita, ulifanya kazi hata saa moja?"

"Moja? Arobaini na nane," nikajibu, kifua mbele. "Kiwanda cha kamba. Msimamizi wa mashine."

Hakuandika kitu. "Ndugu yangu, kiwanda kile kimefungwa tangu mfungo uliopita. Nilikuwa karani pale. Ndiyo maana leo nazunguka na maswali."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Tuanze upya," akasema kwa upole. "Kazi yoyote ya malipo, hata saa moja?"

"Jumanne nilipakia machungwa Muheza. Saa mbili."

Akaandika. "Inatosha. Kwa hesabu yetu, wewe una kazi."

Nikamgeukia Bi Riziki, fahari yangu yote imerudi. "Umesikia, mama? Serikali imethibitisha."

"Nimesikia," akasema, akiishika tena mbuzi yake. "Basi kaiambie serikali ikuoze binti yake."