Lita Arobaini za Mama Kijiti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa makamo ameinamia bawa la ndege ndogo ya injini moja, jicho moja amelifumba, mkononi ana kijiti cha mbao chenye urefu wa rula ya shule. Anakitumbukiza kwenye tangi la kushoto, anahesabu mpaka mbili, anakichomoa na kukiinua kwenye mwanga. Unyevu umefika alama ya juu kabisa. Anakipangusa kwa kitambaa, anazunguka upande wa kulia na kurudia vilevile. Kisha anarudi tena kushoto.

Mwandishi wa makala haya anamkumbusha kwamba huko ameshapima.

"Najua," anajibu bila kugeuka. "Napima tena."

Hapa kiwanjani hakuna anayemwita kwa jina lake. Mafundi, waongoza ndege, hata mama anayeuza chai getini, wote wanamwita Mama Kijiti, naye anaitika. Ana miaka kumi na tisa ya kurusha ndege ndogo, na kazi yake ya sasa ni kumpeleka daktari wa macho kwenye mji ulio mbali, kilomita mia sita na sitini kutoka hapa. Kwa lori ni siku mbili za vumbi. Kwa ndege ni saa tatu na dakika ishirini, mradi mafuta yatoshe. Huko kwenyewe hakuna hata tone la petroli ya ndege, na ya kurudia hutangulizwa kwa lori katika mapipa ambayo hayaguswi mpaka kesho yake.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Matangi mawili yanabeba lita mia mbili. Injini inakunywa lita arobaini kwa saa. Ukitoa safari nzima na zile lita nane za kupashia moto na kupanda juu, hubaki kama lita sitini. Katika hizo, arobaini hazina ruhusa ya kuguswa, kwa sababu ndizo saa moja ya uhai endapo mawingu yatafunga au uwanja utakuwa na shida.

Na leo hizo arobaini zina uzito kuliko siku zote. Kampuni yake ilikuwa inataka kuifuta njia hii kwa kuwa ni ndefu mno kwa ndege ya namna hii. Kuna kiwanja kidogo katikati ya safari, lakini mapipa yake hufika lori likipata barabara, na mvua zikianza hakuna barabara. Mkurugenzi akaweka sharti: safari kumi mfululizo bila kutua katikati, kila moja ifike ikiwa na lita arobaini au zaidi. Zikitimia, njia inabaki na ratiba inaandikwa. Ikikosekana moja, njia inafutwa mwisho wa mwezi huu. Tisa zimeshapita. Ya kumi ni ya leo.

Kabla ya kupanda, kila mtu anapimwa kwenye mizani ya magunia iliyoko stoo. Mwandishi, aliyekuwa ametamka kwa kujiamini kwamba ana kilo themanini, anasomewa themanini na saba mbele za watu.

"Hizo saba umeziokota njiani?" Mama Kijiti anauliza, huku akiuondoa mkoba wa vitabu wa mwandishi na kuukabidhi kwa fundi. Uzito ni mafuta, anaeleza, na vitabu havisomeki angani.

Saa moja kamili magurudumu yanaiacha ardhi.

Ndani ya ndege hii hakuna nafasi ya kujikuna. Nyuma amekaa mwandishi, amebanwa na masanduku ya lenzi. Mbele kulia amekaa daktari, mzee mchangamfu mwenye miwani minene ambayo wagonjwa wake humtania nayo. Kwenye dashibodi kuna mishale miwili ya kuonyesha mafuta, na Mama Kijiti haitazami kabisa. Anasema ikipata mtikisiko huyumba kama mtu aliyelewa. Yeye anategemea kijiti, saa ya mkononi, daftari la shule lenye mistari, na kengele ya jikoni aliyoigandisha kwa gundi karibu na usukani. Kila nusu saa kengele inalia, anageuza swichi kutoka tangi moja kwenda jingine, anaandika. Mara ya kwanza ilipolia, mwandishi aliruka kitini mpaka kichwa kikagonga paa.

Jina la Kijiti lina historia, naye haifichi. Miaka saba iliyopita kampuni ilikuwa na ndege mbili pacha, rangi moja, michirizi ileile, na vijiti vyake viwili vilining'inia kwenye msumari mmoja. Kumbe moja ya ndege hizo ilikuwa na matangi mapana zaidi. Asubuhi moja ya haraka alichukua kijiti cha pacha mwenye matangi mapana, akakitumbukiza kwenye ndege yenye matangi membamba. Kijiti kikamwambia lita mia na themanini. Ukweli zilikuwa mia na ishirini.

"Kijiti hakikudanganya," anasema. "Mimi ndiye niliyemuuliza jirani habari za nyumba yangu."

Injini ilinyamaza angani Jumamosi mchana, akiwa amebeba vifaranga mia tatu vya mfugaji mmoja. Aliiteremsha ndege kimya kimya kwenye uwanja wa mpira wa shule ambao, kwa bahati, haukuwa na mtu. Goli moja lilivunjika. Vifaranga vyote vilitoka vizima, vikipiga kelele. Yeye alikaa chini ya bawa mpaka jioni.

Leseni ilisimamishwa miezi sita. Kampuni ikamweka chini miaka miwili, akiosha ndege za wenzake na kuzijaza mafuta. Mumewe, fundi cherehani, anasema ile miaka miwili ndiyo iliyomuumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Ndani ya chumba chake cha kushonea, katikati ya sare za shule zilizokatwa nusu, anaeleza jinsi mkewe alivyomchukua Jumapili moja hadi kiwanjani, wakakausha matangi ya ndege hii, kisha wakamimina petroli lita kumi kumi. Kila wakimimina, mke anatumbukiza mbao, mume anaweka alama kwa chaki ya kitambaa, kisu kinachonga.

"Nilijua nimeoa rubani," anasema akicheka. "Sikujua nitapimia ndege kwa chaki ya suruali." Halafu anaacha kucheka. Anakiri kwamba kila safari ya mbali huwa hashoni kitu cha maana mpaka simu ilie, na kwamba kola mbili tatu zimewahi kwenda upande kwa sababu hiyo.

Turudi angani. Daraja la reli lilipaswa kuwa chini yetu saa moja na dakika hamsini. Linaonekana saa mbili kasoro dakika moja. Tumechelewa dakika tisa. Kwa abiria dakika tisa ni za kupiga miayo, lakini Mama Kijiti ameshachukua kalamu. Upepo unatupiga usoni kuliko utabiri ulivyosema. Anaandika, anakata, anaandika tena, kisha anamwonyesha daktari daftari. Kwa mwendo huu tutafika na lita thelathini na saba.

Daktari anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Anasema lita tatu ni kikombe cha chai, na watu thelathini na mmoja wameshakaa kwenye mabenchi ya kliniki.

"Lita tatu ni lita tatu, daktari. Tukifika kiwanja cha katikati hesabu ikisema hivi, natua."

"Ukitua, dada, zile tisa zote zimekwenda na maji."

"Zikienda zimekwenda. Sisi tutakuwa chini, tumesimama kwa miguu yetu."

Mwandishi anakiri kwamba muda huo alikuwa upande wa kutua, tena kwa moyo wote, na angetua hata juu ya mti.

Lakini mama huyu hajakaa kungoja. Shingo ameipindisha dirishani, anatazama chini. Saa mbili na robo anagonga kioo kwa kidole. Kuna tanuri la matofali, na moshi wake umesimama wima kama nguzo. Juu sana ndipo unapokatika na kulala upande. Mbele kidogo kuna nyumba yenye nguo kwenye kamba, na nguo zimening'inia tu, hazipepei.

"Huko chini kumelala," anasema, na sauti yake imebadilika. "Upepo uko huku juu na sisi. Twende tukauache peke yake."

Anaisukuma pua ya ndege chini. Masikio yanaziba. Paa za mabati zinakua, barabara inapata mashimo, punda mmoja anaonekana mpaka masikio. Anasawazisha kwenye kimo ambacho bado ni salama, lakini hewa ya huku ina matuta, na ndege inaanza kutupwa huku na kule. Masanduku ya lenzi yanamlalia mwandishi, ambaye sasa amekumbatia mfuko wa karatasi wa kutapikia. Mama Kijiti anapima mwendo kati ya njiapanda mbili anazozijua umbali wake, macho kwenye saa. Midomo yake inahesabu.

Kilomita mia na tisini kwa saa. Tumeokota ishirini.

Huku chini injini inakunywa zaidi kidogo, lita arobaini na mbili, na hilo nalo anaandika. Kiwanja cha katikati kinatokea saa tatu kasoro dakika nane, mstari mwekundu kwenye majani, mapipa matatu pembeni. Anakizunguka nusu duara huku akipiga hesabu mara mbili, ya pili kuanzia chini kwenda juu. Zote zinatoa jibu moja: lita arobaini na nne.

Tunapita.

Hata hivyo hafungi mlango wa nyuma. Anamweleza daktari kwamba kwa nusu saa nzima bado anaweza kugeuka, maana upepo huohuo ungemrudisha haraka. Nusu saa hiyo ni ndefu kuliko ndoa. Kengele ya jikoni inalia, swichi inageuka, mwendo unapimwa tena: mia na tisini na mbili. Daktari anapiga paja lake mwenyewe. Mwandishi anajikuta naye akishangilia ndani ya mfuko wa karatasi. Ni furaha ya ajabu, ya kushangilia kitu usichokiona, kilichomo ndani ya bawa.

Dakika ishirini za mwisho upepo unaanza kuteremka. Vumbi la barabarani linalala upande wetu. Mwendo unapungua, mia na themanini na tano, mia na themanini. Mama Kijiti anavuta kidogo kitufe chekundu cha kupunguza petroli inayoingia kwenye injini, anasikiliza mngurumo kwa kichwa kilichoinama, anakiacha hapo. Mji unatokea. Paa la kliniki, tangi la maji, uwanja. Anatua kwa mguso laini ambao haukumwamsha hata nzi aliyesafiri nasi bure.

Hapimi palepale. Anaiongoza ndege taratibu mpaka kwenye sakafu ya saruji iliyo sawasawa, kwa sababu ndege ikiegemea upande, kijiti nacho husoma upande. Anazima injini. Anashuka, anafungua tangi la kushoto, na sote tunasogea. Hata mlinzi wa uwanja anaacha lindo.

Kushoto kumi na nane.

Anakipangusa. Anazunguka kulia, anatumbukiza, anahesabu mpaka mbili. Anakiinua kwenye jua, anakisogeza karibu na jicho, kisha anampa daktari akisome, maana yeye, anasema, leo hajiamini.

"Ishirini na nne," daktari anasoma.

Jumla arobaini na mbili. Daktari anamkumbatia mpaka miwani inaanguka. Mama Kijiti anacheka na kulia kwa pamoja, na bado anarudi kupima mara ya pili na ya tatu, huku daktari akipiga picha kila alama kwa simu.

Kwenye baraza la kliniki, mahali pekee penye mtandao, anampigia mkurugenzi. Mazungumzo hayafiki dakika tatu. Anayerudi kutoka barazani anatembea kama amevaa viatu vipya. Mkurugenzi ameziona picha, amesema maneno machache, na la mwisho ni kwamba aandike ratiba, kila wiki, kuanzia sasa. Mumewe ndiye anayepigiwa wa pili, na kutoka upande wa pili wa simu inasikika cherehani ikisimama.

Anasema mwaka huu anataka kuwafundisha marubani wawili wa njia hii, ili akiugua isife. Kila mmoja atachonga kijiti chake mwenyewe, kwa lita kumi kumi, hata kama itachukua Jumapili tatu. Na akishawapata, atamwomba mkurugenzi amlete na daktari wa masikio.

Ndani, ukumbi umejaa. Nesi wa mapokezi ameshagawa namba thelathini na moja, na waliozidi wamekaa chini ukutani. Kwa miezi yote hii, wanaozidi wamekuwa wakiambiwa warudi kwao wasikilize matangazo, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ndege itarudi tena. Mzee mmoja mwenye macho yaliyofunikwa na ukungu mweupe amesafiri siku mbili juu ya magunia, na namba zimeisha mbele yake. Anasikia viatu vya rubani vikipita, ananyoosha mkono na kumshika upindo wa shati.

"Mwanangu, daktari atarudi lini?"

Mama Kijiti anachuchumaa mpaka uso wake unalingana na wake.

"Jumanne ijayo, baba. Na Jumanne itakayofuata."

Mzee anauliza hiyo ni siku ngapi. Binti yake, aliyekaa kando yake, anaichukua mikono yake na kuanza kumkunjia vidole, kimoja kimoja, mpaka saba.