Somo Langu la Tende Lilivyopigiwa Makofi

Jamani, mmewahi kuibiwa huku mmeshika dele la kahawa, na bado mnamimina kwa adabu?

Mimi yalinikuta hapa hapa Maskati, mwezi uliopita.

Huku wananiita Nalubega. Kwetu Masaka, Uganda, nilifundisha watoto wadogo miaka sita. Hapa ni dada wa kazi mtaa wa Ghubra, kwa Madamu Mahfoudha, Mwomani mwenye asili ya Unguja.

Kazi yake ni kuwafunza walimu namna ya kufundisha hisabati. Sasa cheki maajabu: bintiye Ruba, miaka saba, kugawanya hajui! Akiona karatasi ya hesabu analia.

Nikaanza naye jikoni. Karatasi sikumpa. Nilimpa sinia, visahani na tende.

"Wageni saba wanakuja kunywa kahawa. Tende ishirini na moja. Kila mmoja apate ngapi?"

Akagawa, akahesabu, akacheka. Wiki tatu tu, akawa anagawa kichwani.

Siku moja Madamu akatukuta tumekaa chini.

"We Nalubega! Chakula ndo mnachezea? Nnakwambia iwe mwisho!"

Kumbe kabla ya kufoka alishapiga picha pale mlangoni.

Jumamosi akanipeleka ukumbi mmoja mtaa wa Hail, niwamiminie kahawa walimu wake. Ruba tulikuwa naye. Kutupa jicho ukutani, naona picha ya sinia langu, na tende zangu!

"Hii mbinu nimeibuni mwenyewe nyumbani, kwa mila zetu," anasema, kakausha uso. Wakampigia makofi.

Damu ikanichemka. Nusura nimwage kahawa.

Mwalimu mmoja, Muhsina, akanyoosha mkono. "Samahani, mbona kila sahani ina tende nne? Sisi tende hula witri. Moja, tatu, tano."

Madamu akababaika. "Huu... huu mfano tu."

"Si mfano!" Ruba akadakia. "Dada Nalubega huweka makosa kusudi, mimi niyaone. Mama, umepiga picha kabla sijasahihisha!"

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi na dele langu.

Nilidhani aibu itamfunza. Wapi! Kesho yake kaja jikoni na kilo ya tende.

"Nitengenezee masomo mengine mawili. Nna semina nyengine."

"Sawa, Madamu. Ila safari hii jina langu liandikwe."

Akafungua simu aandike. Akanitazama.

"Kwani Nalubega ndo jina lako, au la ukoo? Jina lako khasa nani?"

Miaka mitatu namlelea mwanawe! Pasipoti yangu kaifungia kabatini mwake, na hata siku moja hajaisoma.

Nikamrudishia tende zake. Somo hakupata, na kelele zake nilizivumilia.

Nyie mnaosoma hapa, anayemfundisha mwanenu jikoni kwenu ni mwalimu. Msimchukulie kazi yake na hata jina lake hamlijui.

Mimi naitwa Kirabo.