Kikohozi cha Bibi

Mti wa msafiri tuliokuwa nao Mtoni aliupanda bibi, mzaa mama, nje ya dirisha la chumba chake. Ulikuwa mche mdogo kama wa mgomba, alioununua miaka ile kila mtu alipoanza kuuza kitu barazani kwake. Kila siku aliumwagia maji ya udhu yaliyobaki. Ukakua hadi ukapita paa, majani yake yamejipanga kama upepeo mkubwa.

Bibi alifariki chumbani humo baada ya kukohoa masika yote. Tukalifunga dirisha. Haukupita muda tukaanza kusikia kikohozi chake kwenye ule mti, mchana, pasipo upepo.

"Majani makavu hayo, yanasuguana," alisema baba. Akayakata yote. Kwenye vikonyo yakamwagika maji meusi, yakamlowesha mikono. Kesho yake kikohozi kikarudi.

Mama alikuwa anaosha vyombo uani. Nikamwona anainua kichwa kama aliyeitwa.

"Abee, mama," aliitika, akaweka sahani chini na kuingia chumbani kwa bibi. Alipotoka, uso wake ulikuwa umetulia.

"Joto limemzidi," aliniambia. "Anataka dirisha lifunguliwe."

Baba alilifungua mwenyewe, na kikohozi hatukukisikia tena. Ila mwezi uleule jani changa, bado limejikunja kama mkeka, liliingia chumbani kupitia nondo za dirisha. Likafunguka juu ya kitanda cha bibi, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuligusa.