Deraya Chini ya Kanzu Siku ya Posa

Aibu nyingine mtu huzisahau, lakini hii yangu, wallahi, mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa mjini kwetu Ibra, na mimi kijana niliyejiona mwandishi mkubwa (hadithi mbili gazetini, basi nishaota mbawa), naandika riwaya juu ya liwali wa zama ambazo watawala walikuwa wakiuawa msikitini, kitandani, hata mkono ukiwa kwenye sinia, naye kila akitoka huvaa deraya, lile vazi la pete za chuma, chini ya kanzu. Nikataka kujua mtu aliyevaa hofu kifuani anapumuaje. Nikaazima deraya kwa muuza vitu vya kale wa mji wa Nizwa, na Alkhamisi asubuhi nikaivaa, nikakaa kuandika.

Siku yenyewe ndiyo ya kwenda kumposa Zuwena.

"Toka wewe! Ami yako keshawasha gari!" Mama akapiga kelele. Nikavuta vifungo vya ubavuni, vina kutu, havifunguki, nikavuta tena, wapi! Nikasema, aa, kanzu yangu pana, nani atajua? Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nyumbani kwa Mzee Khalfan, baba yake Zuwena, wanaume wamejaa majlisini, na lazima umpe mkono kila mmoja, na kila mkono nilioutoa nilisikika kama mfuko wa vijiko. Ami Saidi akaninong'oneza, "Una nini mfukoni?" Nikasonga mbele. Nikafika kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akanikumbatia, kisha akarudi nyuma kama aliyekumbatia mlango. Akanigonga kifuani kwa kidole. Ngeng!

"Umevaa nini?"

"Deraya, baba."

Akaonesha vigingi vya ukutani karibu na mlango. "Zama za babu yangu mgeni akitundika bunduki yake pale, maana yake amejiweka mikononi mwetu. Na wewe umekuja kutaka binti yangu umejikinga na nani? Na mimi?"

Ami akainamisha kichwa. Nikaona Zuwena ananiponyoka hivi hivi. Nikaropoka yote, riwaya, liwali, kutu, nikaivua kanzu pale pale kuwaonesha, wakanivuta deraya kichwani wazee watatu, ikanasa masikioni, nami nimesimama na kikoi na fulana, kichwa ndani ya chuma, nasikia wanawake nyuma ya pazia wanavyokufa kwa kicheko.

Ilipotoka, mzee alikuwa akipangusa machozi. "Na huyo liwali wako, anapona?"

"Hapana, baba. Bunduki ya mrao, ile ya kuwashwa kwa utambi, inaipasua deraya."

"Maskini! Joto lote lile bure." Akanipa kahawa kwa mkono wake. "Vaa kanzu yako. Tutamuuliza binti mwenyewe."

Jibu likaja kupitia kwa mama yake: Zuwena anasema mwanamume aliyeparuliwa chuma kama samaki magamba mbele ya ukoo mzima hana tena cha kumficha, basi amekubali.

Nimeapa, hofu za watu wa riwaya zangu nitazivaa kwenye karatasi tu. Lakini mkwe wangu hajaamini: kila nikenda kumwamkia hunikumbatia, kisha hunigonga mgongoni taratibu, akasikiliza.